Mhakiki Hafungui Lango

Dessie, Hidar 12

Mdogo wangu Dagnachew,

Hujambo? Kifua chako na hiyo baridi ya Addis Ababa? Sisi huku, Mungu ashukuriwe, tunapumua. Teff imevunwa, mwaka huu si haba. Mjomba Endris goti limemwachia, limehamia kwa mkewe. Ng'ombe wa jirani amezaa, na jirani anatembea amevimba utadhani yeye ndiye aliyelala na uchungu. Mama anakohoa. Si sana, ni asubuhi tu. Anasema ni moshi wa jikoni, halafu anaketi palepale penye moshi.

Safu yako ya gazetini, "Kiti cha Nyuma", inatufikia. Juzi niliikuta dukani imefungia pilipili. Nikamwambia muuzaji, huyo aliyeandika hapo ni mdogo wangu, niongezee karatasi moja. Akaniongezea mbili. Basi ujue hata huku una heshima yako.

Nimesoma ulivyomchinja yule binti, Etsegenet, na filamu yake ya "Moshi". Dagne, sisi tumeiona! Waliileta ukumbi wa manispaa, nikampeleka Mama. Pale mwanamke anapooka injera, pale wewe ulipoandika "dakika kumi na nane za unga na mateso", Mama alisimama akamfokea mwanamke wa watu: "Funika! Funika, mtoto wewe, inakauka!" Wanawake wote ukumbini wakamwunga mkono. Alipofunika tukapiga makofi. Njia nzima Mama alikuwa anamsema yule mwanamke, kwamba mikono anayo, ila moto hajui kuupanga. Sasa wewe umesema filamu ile haimgusi mtu. Labda huku Dessie si watu.

Mfungo wa Genna, Krismasi yetu, unaanza Jumatano. Mama aliuliza kama utafunga, nikamwambia ndiyo. Dhambi ya uongo huo ni yako, usinisingizie. Anataka uje sikukuu. Miaka minne sasa. Anasema zawadi hataki, anataka ule mbele yake akuone unatafuna.

Dada yako akupendaye na akujuaye,
Yeshimebet


Addis Ababa, Hidar 25

Kwa dada yangu Yeshimebet,

Barua yako imefika, na imenuka pilipili mpaka nimepiga chafya mbele ya mhariri. Mimi mzima. Nyumba nzima, lango limepakwa rangi, na Birru mlinzi bado analala kazini kwa uaminifu uleule. Mpe pole Mjomba, na mkewe mpe pole zaidi. Pole nyingi kwa Mama. Nampa dereva wa basi chupa mbili za dawa ya kikohozi.

Dada, ninyi mnaangalia filamu kama mnavyoangalia ugomvi wa majirani. Mnaingia ndani, mnachukua upande, mnatoa ushauri. Mhakiki hafanyi hivyo. Miaka kumi na tisa nimekaa kiti cha mwisho, ukutani, na si kwa bahati. Nakaa nyuma niwaone watazamaji wakitoka. Wakitoka wachache, najua filamu ni ya kawaida. Wakitoka wote, nachomoa kalamu. Mwezi jana nimeona "Ukuta", ya kijana mmoja aliyerudi kutoka ughaibuni. Ni ukuta, dada. Saa mbili na robo, ukuta. Mwishoni tulibaki wawili, mimi na mtu wa funguo. Nimeipa nyota tano, na yule kijana amenipigia akiniuliza nimeielewaje, maana yeye mwenyewe anatafuta maneno ya kuwaambia wafadhili.

Huyo Etsegenet ni hodari wa kulia, basi. Katika "Moshi" kuna kilio cha msiba kinachochukua dakika tisa. Hakuna mtu anayelia hivyo. Nimeandika, na nasimamia nilichoandika.

Najua atakachofanya. Mwaka jana mwongozaji mmoja alinitumia wazee watatu alfajiri, na mashuka yao meupe na fimbo zao. Wakasimama mlangoni, wakakataa kuketi, wakakataa kahawa, mpaka nikubali kupatana naye. Nikalegea. Nikaandika kuwa filamu yake "ina mwanga". Mji mzima ulinicheka, hata wauza karanga walikuwa wananiuliza, "Dagnachew, leo kuna mwanga?" Nimeapa: mzee yeyote akija langoni kwangu alfajiri, hata awe baba yake Nuhu, sifungui. Simu nayo nimeichomoa, maana watengenezaji filamu huru wana uhuru mkubwa wa matusi.

Genna siwezi kuja. Mwezi wa Tir kuna Tamasha la Filamu Huru, na mimi ndiye mkuu wa majaji. Nina filamu thelathini na moja za kutazama. Mwambie Mama nakuja baada ya hapo, nitatafuna mpaka achoke kuniangalia.

Ndugu yako katika nuru na giza la ukumbi,
Dagnachew


Dessie, Tahsas 9

Dagne,

Salamu za wote hapa. Dawa imefika. Chupa moja ilipasukia kwenye basi, ya pili Mama ameimaliza siku moja kwa sababu ni tamu. Kikohozi hakikuwa na habari nayo.

Sasa haji tena jikoni. Namletea moto chumbani. Amenikataza nisikuandikie kuwa hali yake ni mbaya, anasema utaacha kazi yako. Basi sikuandikii hilo. Nakuandikia uje, tena usingoje Genna. Nimepiga simu gazetini kwenu, mtu akaniambia mhakiki hapokei simu za wasomaji. Nikamwambia mimi si msomaji, ni dada yake. Akasema wote husema hivyo.

Filamu zina watu wengi wa kuzitazama. Njoo.

Yeshi


Dessie, Tahsas 22
(Barua hii haikutumwa.)

Dagne wangu,

Hii sikutumii. Naandika niweze kupumua, halafu naitia motoni, maana kwetu msiba hauandikwi. Nani humpa mtu kifo cha mama yake ndani ya bahasha, akifungue peke yake amesimama mlangoni? Hata adui hafanyiwi hivyo. Mtu huendewa alfajiri, kabla hajala na kabla hajasikia njiani. Wazee humkalisha, humshika mikono, ndipo humwambia.

Mama amekufa juzi, tarehe ishirini, wakati wa kahawa ya asubuhi. Alikuwa ameomba nimsogeze karibu na mlango aone ua. Aliuliza barua yako imefika? Nikasema iko njiani. Akasema, "Basi wacha ije." Hakusema jingine tena. Tulimzika jana kanisani kwa Mtakatifu Mikaeli, na kila mtu aliuliza kijana yuko wapi.

Mjomba Endris amepanda basi leo kuwapa habari wazee wa chama cha watu wa Dessie huko Addis. Wao watakuja kwako, ndio waliopewa kazi hiyo. Wewe chamani kwao hujakanyaga miaka, hata sura zao huzijui, lakini wamekubali. Tunataka uwe hapa kabla ya arobaini, Tir 29. Mama asisomewe tezkar, misa yake ya arobaini, mwanawe wa pekee wa kiume akiwa anahesabu nyota za filamu.

Laiti ningeweza kukuandikia hivi na kukutumia! Nimekukasirikia mpaka meno yanauma, na nakulilia wewe kuliko ninavyomlilia yeye, maana yeye anajua alipo.


Addis Ababa, Tahsas 26

Dada yangu Yeshimebet,

Heri ya Genna, zimebaki siku tatu! Mpigie Mama magoti kwa niaba yangu, umbusu mikono. Barua yako ya tarehe tisa nimeisoma jana tu. Ilikuwa chini ya filamu kumi na nne. Usinune. Mama kila mwaka mwezi wa Tahsas anakaribia kufa, na kila mwaka sikukuu ikifika anachinja kuku mwenyewe.

Sasa kaa nikusimulie, ucheke. Sikukuambia? Juzi, saa kumi na moja alfajiri, lango likagongwa. Nachungulia dirishani: wazee watatu! Mashuka meupe, fimbo, nyuso zimekunjwa kwa huruma. Nikajisemea, Etsegenet huyo. Nikatoka na kandambili mpaka nyuma ya lango, sikufungua hata komeo, nikawachungulia kwa tundu la ufunguo.

"Mwanetu Dagnachew," anasema mkubwa wao, "tufungulie tukae."

"Semeni hapohapo."

"Jambo letu halisemewi langoni."

"Jambo lenu nalijua!"

Wakatazamana. "Unalijua? Nani amekuambia?"

"Mji mzima unalijua!"

Mzee akaanza kufuta macho, haki ya Mungu, machozi kabisa. "Pole sana, mwanetu. Basi tufungulie."

"Pole ya nini? Nilichoandika nimeandika! Kamwambieni alie dakika tisa nyingine!"

Hapo nikamsikia akiwanong'oneza wenziwe, "Huyu hajui." Mimi! Sijui! Miaka kumi na tisa nahakiki, naambiwa sijui na mzee aliyekodiwa! Nikarudi kulala, wakasimama pale mpaka jua likatoka. Na huyu binti ana akili: wazee aliowatafuta wanaongea kwa lafudhi ya kwetu kabisa, ili moyo wangu ulainike. Sikulainika.

Niwekee mchuzi wa kuku. Mama mzima?

Dagnachew


Dessie, Tir 3

Ndugu yangu Dagnachew,

Salamu. Mjomba mzima, mkewe mzima, mimi mzima. Mvua hakuna.

Wazee waliokuja kwako hawakutumwa na binti yule. Wakija tena, wafungulie, uwape kiti, nawe ukae. Kama hutaki kuwafungulia, basi panda basi kesho asubuhi uje nyumbani. Kimoja kati ya hivyo viwili, Dagne, nakuomba kwa jina la maziwa tuliyonyonya.

Kwa swali lako la Mama, nitakujibu ukiwa hapa, umekaa.

Yeshimebet


Addis Ababa, Tir 12

Dada,

Barua fupi kama telegramu, na salamu kavu! Umeninunia kwa sababu ya Genna, naona. Hata Mama hujamtaja kwenye salamu zako. Sawa, nastahili. Lakini nijibu hili moja: umejuaje kuwa wazee hawakutumwa na Etsegenet? Mtu wa Dessie anajuaje mambo ya lango langu, ila kama ameandikiwa? Binti amekufikia, dada. Amekutumia nini? Usione aibu, hata maaskofu hufikiwa.

Wamekuja tena mara mbili. Mara ya pili nilimtuma Birru awape kahawa kupitia dirisha la lango. Wakaikataa. Unaona? Mwenye ombi hakubali kahawa kabla ya ombi lake, hiyo ni kawaida yao. Mara ya tatu ilikuwa jana, sikukuu ya Ubatizo, watu wanakwenda majini na nguo zao nzuri, wao wako langoni kwangu. Safari hii walikuwa saba. Niliwasomea safu yangu kwa sauti kupitia tundu la ufunguo. Wakasikiliza, ila mmoja aliketi chini kwenye vumbi.

Lakini sikiliza jambo la ajabu. Mji umeanza kuniheshimu. Birru, ambaye hajawahi kusoma hata jina lake, ameniletea chai akaanza kulia. Nikamwuliza kulikoni, akasema, "Wewe ni mtu wa kuhurumiwa, bwana." Nadhani alimaanisha upweke wa mhakiki, na amesema kweli. Mama wa kahawa pale kona amekataa pesa yangu, akanishika shavu. Mhariri, yule jiwe, ameniwekea mkono begani akasema nichukue mapumziko niende kwetu. Nikamjibu mwanajeshi hapumziki vitani. Kwenye tamasha nilipoingia, safu nzima ya mbele ilisimama. Watengenezaji filamu, Yeshi! Watu niliowaua kwa kalamu, wamesimama na kofia mikononi. Ukweli una nguvu zake.

Nakufungia safu ya wiki jana, ndiyo iliyowaamsha. Soma hapa: "Wamenijia na mashuka ya kukodi na machozi ya kukodi. Wazee hawa, kama wangekuwa kwenye filamu, ningesema wameigiza vibaya: huzuni yao haina sababu, na mwandishi hajatuambia wanalia nini. Nawaambia, rudini kwenu. Siuziki." Mhariri hakuwepo siku ile, niliipeleka mwenyewe kiwanda cha uchapaji.

Mpe Mama asomewe. Atafurahi.

Dagnachew


Dessie, Tir 17

Dagnachew,

Sina salamu leo.

Safu yako imefika kabla ya barua yako. Mjomba Endris aliipata stendi akaja nayo mbio. Nyumba yetu imejaa watu, usiniulize wamejaa kwa nini. Akasimama katikati yao, akasema, "Sikilizeni, haya ni maandishi ya mtoto wa nyumba hii," akasoma kwa sauti, anajivuna. Alipofika kwenye machozi ya kukodi, akainua macho akatutazama. Lakini hajui kuacha kitu katikati, akasoma mpaka "siuziki". Mdogo wa mmoja wa wale wazee wa langoni kwako alikuwa ameketi pale, ana kikombe mkononi. Akakiweka chini, akasema, "Kijana anaandika vizuri." Dagne, natamani angenitemea mate.

Sikio la kufa halisikii dawa, lakini mimi sijakukatia tamaa. Nimemwandikia huyo Etsegenet mwenyewe, kwa mkono wa dereva. Sikujua mtu mwingine yeyote ambaye ungemfungulia. Nimemweleza yote. Amenijibu siku ileile, mistari miwili, kwamba atafanya. Binti uliyemchinja! Atakuja kwako Jumapili hii, tarehe ishirini na mbili, alfajiri. Hatakuja peke yake.

Mfungulie. Usipomfungulia huyo, basi usiniandikie tena, na Dessie usiijue.

Yeshimebet


Dessie, Yekatit 12

Mdogo wangu Dagne,

Ulifika salama? Basi halikuharibika pale mlimani? Sisi tupo. Turubai tumelishusha na mabenchi yamerudishwa kwa wenyewe, ila moja limepotea na kila mtu anamtazama jirani yule wa ng'ombe. Mjomba anakusalimu, ile safu ameipasua, lakini alinionyesha vipande kwanza nihakikishe. Nywele zangu nilizonyoa zimeanza kuota, zinawasha.

Uliwahi tezkar. Nilimwomba Mungu hilo moja akanipa. Ulibeba maji, ukawahudumia maskini, ukapokea pole za watu wote, hata za yule mdogo wa mzee wa langoni, ambaye ulimbusu magoti mpaka akaona haya. Sikukutegemea. Nililia zaidi kwa hilo.

Lakini siku nane ulizokaa hapa hukusema neno. Wewe! Ambaye hata kwa chumvi ya mchuzi ungetoa maoni. Nilikuuliza mara mbili walikuambiaje, nani alisema, ulifanya nini. Ulitoka nje kupasua kuni. Etsegenet nimemwandikia kumshukuru, nikamwuliza, naye amenijibu, "Mwulize mwenyewe, mama, hilo si langu kusema." Hata wazee wamefunga midomo. Wamefanya kama kuna siri ya serikali.

Nataka kujua. Mimi nilikuwa nimemshika Mama mkono, wewe nani alikushika? Hilo tu. Siulizi kwa ubaya.

Kula. Nakujua hujala.

Dada yako,
Yeshi


Addis Ababa, Yekatit 27

Dada yangu,

Nilifika salama. Hii ni barua ya nne, tatu nimezichana.

Kazini nimerudi. Mhariri aliniambia niandike chochote, nikashindwa, akachapa tangazo la sabuni mahali pangu, na wasomaji hawajalalamika. Birru nimemnunulia koti. Chama cha watu wa Dessie nimejiandikisha. Wananipangia zamu za misibani, wiki jana nimebeba sufuria. Kifua kizima. Nakula.

Ulichouliza nitakuambia, kisha tusikiongee tena.

Barua yako ilipofika niliisoma kama mpumbavu. Niliona neno moja tu, kuwa Etsegenet anakuja. Nikasema, amesalimu amri. Jumamosi nzima niliandaa hotuba, Yeshi. Niliiandika, nikaifuta, nikaijaribu mbele ya kioo. Nilinyoa ndevu. Nilifagia ua mwenyewe.

Jumapili walikuja. Nikafungua lango, milango yote miwili, kwa mara ya kwanza tangu lipakwe rangi. Yeye yuko mbele, kavaa nyeusi. Nyuma yake wale wazee saba, nyuma yao mama wa kahawa, mhariri, vijana wa filamu, hata yule wa "Ukuta". Birru akaacha kibanda chake akaja kusimama nao. Nikaona, lo, ameleta mashahidi. Hata nyeusi yake niliielewa: binti wa maigizo huyo, kavaa majuto.

Nikapanda ngazi ya baraza, nikaanza.

Nilisema nimesamehe. Nilisema sanaa haina uadui. Nikaieleza "Moshi" upya tangu mwanzo, injera kwa injera. Nikasema udhaifu wake mmoja ni kile kilio, kwamba mtu aliyefiwa kwa kweli halii hivyo, nikawaonyesha, kwa mikono, jinsi mtu aliyefiwa angefanya. Yeshi, niliwaigizia. Nililia kidogo pale barazani, kwa mfano, nikafuta macho, nikasema, "Mnaona? Hivi inatosha."

Hakuna aliyenikatiza. Ungedhani mtu mmoja angecheka, au angenitukana nikome. Wazee walikuwa wamevua kofia. Binti alikuwa amefumba macho. Nikadhani nimewagusa, nikaongeza sauti.

Mkubwa wao anaitwa Mzee Yimam. Sasa najua jina lake. Ndiye aliyeketi kwenye vumbi siku ya Ubatizo. Nilipovuta pumzi, akasogea mpaka mguu wa ngazi, akaniuliza taratibu, kama mtu anayemwuliza mtoto, "Umemaliza, mwanangu?"

Umeuliza nani alinishika. Ni yeye, kulia, na Etsegenet kushoto, na nililia, dada, sijui dakika ngapi, mama wa kahawa anasema mpaka kengele ya misa ya pili. Hilo ningeweza kukuambia hata siku ile. Lisilotoka mdomoni ni jibu nililompa yule mzee. Mama alikuwa na siku thelathini na mbili ardhini, watu wote pale wanajua, wamesimama na njaa tangu alfajiri, na mimi nilitazama karatasi yangu nikamwambia, "Bado kidogo."

Akarudi nyuma, akangoja.

Ndugu yako,
Dagne